Kadi ya Tatu

Mahakama ya Mwanzo, Ngamiani, Tanga

Droo yangu ya kulia ina Msahafu
uliofungwa kitambaa cha kijani, pindo nimelipiga mwenyewe,
na Biblia iliyopoteza jalada mwaka ule wa mvua,
paa lilipovuja juu ya mafaili ya mirathi.
Shahidi akisimama nauliza, "Dini?"
kama muuza duka anavyouliza, "Robo au nusu?"
Miaka ishirini na mmoja.
Tunasema serikali haina dini.
Sawa. Lakini droo yake inazo mbili.

Jumanne kaja Hosea Shemhilu,
fundi baiskeli wa Barabara ya Kumi na Mbili,
grisi kwenye kucha, shati limepigwa pasi.
Kesi ya Foneksi iliyoibwa nje ya mashine ya kusaga.
"Dini?"
"Andika kistari."
"Kistari si dini, baba."
"Ndiyo maana nasema kistari."

Benchi la nyuma likacheka, kisha likaacha.
Mama mmoja akamvuta mtoto karibu.
Mtu akanong'ona: asiyemwogopa Mungu atamwogopa karani?
Nami, nisiseme uongo, niliogopa kidogo.
Mkono ulikuwa umeshafika kwenye Biblia
kwa sababu ya jina lake.

Hakimu Mwanjale hakuinua macho.
"Ipo kadi. Mpe kadi."

Kadi!
Nilitoa stepla, nikatoa mihuri miwili iliyokufa,
stakabadhi za faini, tasbihi ya mtu aliyeisahau,
nikaikuta chini kabisa, imepigwa taipu,
pini imeacha kutu penye neno *kweli*.

Akaisoma polepole, miwani mbali na pua:
anathibitisha, kwa dhati, atakayosema.
Hakuna radi. Feni ilizunguka vilevile, ikigonga.
Kisha akaieleza baiskeli:
hapa chini ya tandiko nilichomelea mimi, mwezi wa Ramadhani,
umeme ukakatika katikati, kwa hiyo pana nundu.
Pitisha kidole, mheshimiwa.
Hakimu akapitisha kidole.
Nundu ilikuwepo.

Usiku mwanangu Mbaruku akapiga simu kutoka Marekani;
anatafsiri Kiswahili mahakamani huko, kwa wakimbizi wa Kongo.
Nikamsimulia. Akacheka, kisha akasema
kwao wanashtakiana kwa ajili ya jiwe,
jiwe la amri kumi: lisimame uani kwa mahakama, au ling'olewe.
Hata noti zao, akasema, zimeandikwa kwamba wanamtumaini Mungu.
"Na wakienda kukopa benki?"
"Benki, mama, inataka hati ya nyumba."

Sikulala mapema.
Mimi naswali. Hilo naomba lisichanganywe.
Nikisimama kwenye mkeka nasimama mwenyewe,
na nitakayoulizwa kaburini nitaulizwa mwenyewe.
Serikali haina kaburi.
Haitawadhi, haifungi, haina wa kumwogopa usiku.
Ukiivalisha kanzu, itatembea kanzu tupu,
na wa kwanza kukanyagwa
ni yule anayesali nyumba ya pili.

Na nimewaona. Nimewaona waliobusu kitabu
wakala mali ya yatima mpaka mabati.
Nimewaona pia waliotetemeka, wakasema kweli, wakapoteza shamba.
Kitabu kilikuwa kilekile.
Kilichowatenganisha sikijui. Si kazi ya karani kujua.

Jumatano nilifika kabla ya mfagiaji.
Nikaitia kadi kwenye mfuko wa nailoni,
nikatafuta pa kuilaza. Juu ya Biblia? Watasema.
Juu ya Msahafu mkono wenyewe ulikataa.
Nikaisimamisha pembeni, wima, ikiegemea rula.

Shahidi wa kwanza, kijana wa Makorora, kesi ya kuku.
Mdomo ulikuwa umeshaanza, "Di—"
Nikaimeza.
"Utaapa kwa kitabu gani," nikauliza, "au utathibitisha?"
Akaniangalia kama niliyemwuliza kwa Kijerumani.
"Mama," akasema, "mimi nataka kuku wangu tu."